Mbio na Maradhi ya Fadhaa

Mtu aliyeshikwa na fadhaa huona mwilini mwake mambo asiyoyaamuru: moyo humwenda mbio, pumzi humpaa, viganja humtoka jasho na magoti humlegea, naye, akitazama huku na huko asione adui wala hatari, hudhani kwamba mauti yamemfikia. Walter Cannon, bingwa wa elimu ya mwili katika Chuo Kikuu cha Harvard, alibainisha katika kitabu alichokitoa mwaka 1915 kwamba kiumbe akiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humimina adrenalini katika damu, moyo ukazidisha mapigo na misuli ikapata sukari, ili mwenyewe aweze kupigana au kukimbia.

Maadamu mwili umekwisha kujiandaa kukimbia, ingedhaniwa kwamba matabibu wangewahi kumshauri mgonjwa akimbie. Haikuwa hivyo. Mwaka 1967 Ferris Pitts na James McClure, wa Marekani, waliwatia wagonjwa wa fadhaa laktati mishipani, na wengi wakapatwa na vishindo vya hofu. Na kwa kuwa misuli inayofanya kazi ngumu nayo hutoa laktati, baadhi ya matabibu waliingiwa na shaka kwamba mazoezi yangemdhuru mtu wa namna hiyo.

Shaka hiyo ilipungua kwa majaribio, na mashuhuri miongoni mwake ni yale yaliyotangazwa mwaka 1998 na Andreas Broocks na wenzake wa Göttingen, Ujerumani. Wagonjwa 46 wa hofu ya ghafla waligawanywa mafungu matatu kwa muda wa wiki 10: wa kwanza wakikimbia, wa pili wakimeza dawa iitwayo klomipramini, wa tatu vidonge visivyo na dawa. Wakimbiaji walipata nafuu kuliko wa vidonge vitupu, ingawa dawa ilifanya kazi upesi zaidi na kwa nguvu zaidi. Takriban theluthi ya wakimbiaji waliacha kabla ya muda kutimia, ilhali katika fungu la dawa hakuacha hata mmoja; jambo ambalo wasifiaji wa mbio, kwa bahati mbaya, hawapendi kulitaja.

Sababu ya nafuu hiyo husimuliwa kwa wepesi mno kuwa ni endofini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu. Mwaka 2015 Johannes Fuss na wenzake, pia wa Ujerumani, walionyesha kwamba panya waliokimbia walipungukiwa na wasiwasi hata endofini ilipozuiwa isifanye kazi, lakini utulivu huo ulitoweka zilipozuiwa endokanabinoidi, kemikali zinazofanana na za bangi ambazo mwili hujitengenezea. Panya, hata hivyo, hawezi kutuambia kama huyaogopa mapigo ya moyo wake. Binadamu huyaogopa, na hapo, kwa rai yangu, ndipo penye siri kubwa zaidi. Anayekimbia huuita kwa hiari yake mdundo ule ule unaomtisha, akauona ukipanda, kisha, akipunguza mwendo, ukishuka bila ya madhara. Na akirudia hivyo siku nyingi, moyo unaodunda humwia jambo la kawaida.

Basi aanzaye na aanze kwa kuchanganya kutembea na kukimbia, asione haya kupitwa na vikundi vya joging. Mwenye maumivu ya kifua apimwe kwanza. Na aliyeandikiwa dawa asiziache pasipo shauri la tabibu wake.