Treni za Unguja

Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, watu huyaita "treni". Watoto wengi wa Unguja hawajui treni nyingine. Lakini treni za kweli zilikuwapo hapa, tena mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash. Ilijengwa mwaka 1879, kutoka jumba lake la mjini mpaka Chukwani. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 ikaletwa injini ya moshi kutoka Uingereza. Sultani alifariki mwaka 1888, na reli yake nayo ikaachwa.

Ya pili ilijengwa mwaka 1905 na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney. Ilitoka penye Ngome Kongwe, ikapita mjini, ikaenda mpaka Bububu. Urefu wake ulikuwa maili 7, yaani kilomita 11 hivi. Wako wanaosema kuwa jina la Bububu limetokana na mlio wa treni. Sivyo. Jina hilo lilikuwapo kabla ya reli.

Reli hiyo haikuungana na reli nyingine yoyote. Bahari iliizunguka. Mwaka 1911 serikali iliinunua. Kisha barabara zikatengenezwa, magari yakaja, na abiria wakapungua. Mwaka 1922 treni iliacha kuchukua abiria. Ikawa inabeba mawe ya kujengea bandari. Kazi ya mawe ilipokwisha, reli nayo ikaisha.

Je, reli iliyo peke yake haiwezi kudumu? Yaweza. Kaskazini kabisa mwa Urusi, kwenye nchi ya barafu, iko reli ya Norilsk. Nayo haiungani na reli nyingine. Lakini tangu miaka ya 1930 inahudumia machimbo ya madini na bandari ya Dudinka. Abiria haichukui tena. Mzigo upo, kwa hiyo reli ipo.

Ndugu wasomaji, chombo huishi kwa kazi yake. Mimi ni bwana shamba. Niliona kikundi kimoja cha wakulima kikichanga fedha na kununua pampu ya maji. Pampu ilikaa bandani mpaka ikashika kutu. Hakuna aliyeuliza mapema itamwagilia shamba lipi, na nani atanunua mafuta. Kabla hamjachanga, ulizeni hayo kwanza.