Kikohozi Kisichokoma: Ulizia Kipimo cha Spirometa
Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa uliua watu takriban milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Hauwapati wavuta sigara pekee. Moshi wa kuni na mkaa huwadhuru pia wapishi ambao hawajavuta kamwe.

Dalili zake, yaani kikohozi, makohozi na kukosa pumzi, hufanana na za pumu na kifua kikuu. Hivyo mgonjwa huweza kutibiwa kwa miaka maradhi asiyokuwa nayo. Picha ya eksirei peke yake haitoshi. Kipimo cha kuuthibitisha ni spirometa: mgonjwa huvuta dawa ya kupanua njia za hewa, kisha hupuliza kwa nguvu katika mashine. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya yote aliyopuliza, njia za hewa zimebana.

Mweleze daktari umevuta sigara au kupikia kuni kwa miaka mingapi, na uulizie kipimo hiki. Kituo kisipokuwa nacho, omba rufaa. Ugonjwa hauponi kabisa, lakini kuepuka moshi na kutumia ipasavyo dawa za kuvuta hupunguza makali yake. Usiache dawa ulizoandikiwa bila ushauri wa daktari.