Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Mratibu wa Safari za Ndege na Usalama wa Abiria

Utangulizi

Ukiifuata Barabara ya Juja kutoka Pangani kuelekea mashariki, Mathare huwa mkono wa kushoto na Eastleigh mkono wa kulia. Mbele kidogo ndipo ilipo Kambi ya Wanahewa ya Moi. Kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa mwaka wa 1958, ndege za abiria za Nairobi zilitua katika uwanja huo wa Eastleigh. Mkazi wa Mathare, basi, si mgeni wa ndege. Hata hivyo, kwake yeye, kama ilivyo kwa wengi wetu, ndege ni rubani. Makala haya yananuia kumweleza mtu mwingine, asiyeonekana na abiria wala na aliye chini ya njia ya ndege, ilhali usalama wa wote wawili unamtegemea: mratibu wa safari za ndege. Swali letu ni hili: mzigo wake wa kazi unapozidi, nini hutokea?

Mratibu ni Nani?

Ni vyema kwanza kutenganisha istilahi mbili. Mwongozaji wa ndege hukaa mnarani au katika chumba cha rada, naye huhakikisha kwamba ndege hazikaribiani kupita kiasi. Mratibu, kwa upande wake, huajiriwa na shirika la ndege. Kabla ya safari yeye husoma hali ya hewa, huchagua njia, hukadiria uzito na kuhesabu mafuta: ya safari yenyewe, ya mambo yasiyotarajiwa, ya kufikia uwanja mbadala, na akiba ya mwisho ambayo kwa ndege za jeti ni ya dakika 30. Mathalani, ukungu wa alfajiri ukiufunga uwanja wa Nairobi, ndege iendayo huko haina budi kuwa na mafuta ya kuifikisha Mombasa au kwingineko. Ndege ikishapaa, mratibu huendelea kuifuatilia na kumpasha rubani habari. Nchini Marekani, sheria huwafanya rubani na mratibu wawajibike kwa pamoja katika upangaji wa safari. Mmoja akikataa, ndege haiondoki.

Uzito wa Kazi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mratibu ni mwepesi machoni petu kwa kuwa haupimwi kwa kilo. Mtu mmoja huweza kusimamia ndege kadhaa kwa wakati mmoja. Siku ya anga tulivu, kazi hiyo hutendeka bila matata. Lakini tufani haichagui ndege moja. Inapozuka, safari nyingi huhitaji mpango mpya katika dakika zile zile. Hapo simu hukatiza hesabu na tarakimu ikasahaulika. Taarifa ya rubani mmoja hungoja kwa sababu mwingine ametangulia. Na mpango uliotolewa na tarakilishi huidhinishwa pasi na kuhojiwa.

Fauka ya hayo, kuna uchovu wa zamu za usiku. Ndiyo maana sheria ya Marekani humwekea mratibu kikomo cha kawaida cha saa 10 mfululizo. Hata hivyo, kikomo cha saa hakihesabu ndege. Saa 4 za tufani zaweza kumlemea mtu kuliko saa 10 za anga tulivu.

Mfano wa karibu watoka kwa waongozaji. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana angani karibu na Überlingen, Ujerumani, na watu 71 wakafa. Mwongozaji mmoja alikuwa akihudumia vituo viwili vya kazi peke yake huku mwenzake akipumzika na baadhi ya mitambo ikifanyiwa matengenezo.

Neno Linapopotea

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, ajali ya tarehe 25 Januari 1990 ina funzo la pekee. Ndege ya Avianca kutoka Colombia ilisubirishwa angani kwa zaidi ya saa moja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa huko New York, hadi mafuta yakaisha. Ilianguka Long Island, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Wachunguzi walibaini kwamba marubani waliomba kipaumbele lakini hawakutangaza dharura. Isitoshe, hawakutumia huduma ya waratibu kuwasaidia wakiwa safarini, na hapakuwa na istilahi sanifu, iliyoeleweka na wote, ya kueleza upungufu wa mafuta. Neno moja hafifu lilipita katika masikio yaliyokuwa na mengi ya kusikiliza.

Hitimisho

Imebainika kwamba usalama wa ndege huanzia mezani kabla ya kufika angani. Mashirika yanapopanga zamu, hayana budi kupima ugumu wa kazi, si saa pekee, na kuweka mtu wa akiba kwa siku ya tufani. Nasi tuna wajibu wetu. Chuo cha usafiri wa anga kiko papa hapa Embakasi, lakini kazi zinazofunzwa humo ni nadra kuelezwa kwa lugha ya Mathare na ya abiria wa kawaida. Kazi isiyo na jina haina mtetezi. Tumpe mratibu jina lake, ili umma uweze kuuliza: leo usiku, ni ndege ngapi zimo mikononi mwa mtu mmoja?