Mtoto Hatulii Darasani: Ni Utundu au Kuna Tatizo?

Kijana msomaji, kama una mdogo wako darasa la pili au la tatu, huenda mtoto huyu unamfahamu. Anatumwa maji, anarudi bila ndoo. Anaanza hesabu, hamalizi. Anajibu kabla swali halijaisha, anasimama ovyo, anasumbua wenzake. Hapa Busunzu tunamwita mtukutu, na dawa yake tunaijua: fimbo. Sasa fimbo ingekuwa dawa, si angepona zamani?

Watoto wengi ni watundu, na utundu ni afya. Lakini yapata watoto 5 katika kila 100 duniani wana tatizo la upungufu wa umakini na kutotulia. Si kwamba hawataki kusikiliza. Ubongo wao unashindwa kushika jambo moja na kuyaacha mengine. Daktari George Still aliwaeleza watoto wa namna hii mjini London mwaka 1902. Mara nyingi ni la kurithi. Uliza vizuri, utaambiwa baba naye alikuwa hivyo hivyo! Hakuna aliyemroga mtu.

Ili daktari aseme ni tatizo hili, dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Wasichana husahaulika, maana wengine hawarukiruki. Wanakaa kimya, mawazo yako mbali, tunawaita wavivu.

Kwetu Kigoma lazima tuizungumzie malaria. Upimaji wa mwaka 2017 ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 4 wa chini ya miaka 5 mkoani ana vimelea. Malaria ikipanda kichwani, mtoto akapoteza fahamu, homa inaweza kuisha lakini ubongo ukabaki na athari. Watoto waliotibiwa malaria ya namna hiyo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, walifuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yaliyotolewa 2008 yalionyesha kuwa 1 kati ya 4 hivi bado alikuwa na shida ya kufikiri, na shida kubwa ilikuwa umakini. Kwa hiyo muulize mama: mdogo wangu aliwahi kupata degedege? Na degedege lenyewe si shetani. Anayeanzia kwa mganga anapoteza saa ambazo ubongo wa mtoto hauna.

Kabla ya yote, apimwe masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana mkaidi, na aliyekuja shule na njaa hawezi kutulia.

Wewe kaka au dada unaweza mengi. Mpe agizo moja, akilimaliza mpe la pili. Kazi iwe fupi, apumzike, arudi. Msifu akifanikiwa hata kidogo. Mwombeni mwalimu amkalishe mbele. Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, na ni kwa idhini ya mwalimu mkuu tu. Kwa maoni yangu hata kimoja hakimfai mtoto huyu.

Dawa zipo na zinasaidia wengi, ila huandikwa na daktari baada ya uchunguzi, usinunue dukani. Anzeni zahanati, ombeni rufaa ya Hospitali ya Wilaya Kibondo. Mchukue kadi ya kliniki na madaftari yake ya shule, hata yale yaliyochanika.