Kipimo cha Yuria kwa Mabua ya Ngano

Katika sehemu za Njoro ngano imelimwa kwa zaidi ya miaka 100, na kila baada ya mavuno mabua mengi hubaki shambani. Mabua hayo ni magumu na protini yake ni kidogo sana, kwa hiyo wengine huyachoma moto. Lakini mkulima wa skimu mwenye shamba dogo hupungukiwa na malisho wakati wa kiangazi. Haifai achome kitu kinachoweza kulisha ng'ombe wake.

Mabua yakinyunyiziwa maji yenye mbolea ya yuria na kufunikwa vizuri, yuria hugeuka kuwa hewa ya amonia. Hewa hiyo huyalainisha, na ng'ombe huyala kwa wingi zaidi na kuyasaga vizuri tumboni. Kipimo chake ni hiki:

Mabua makavu: kilo 100
Yuria: kilo 4
Maji: lita 50

Je, kama huna kilo 100? Hapo ndipo watu hukosea, na yuria ikizidi huua ng'ombe.

Hesabu isiyofaa

Tuseme una marobota 4, na kila robota lina kilo 15. Jumla ni kilo 60. Mtu aweza kusema, "Mabua yamepungua, basi nami nitapunguza yuria kidogo, nitie kilo 3 na nusu." Huko ni kukisia. Kilo 3 na nusu kwa mabua kilo 60 ni sawa na karibu kilo 6 kwa mabua kilo 100. Amezidisha yuria karibu mara moja na nusu bila kujua.

Hesabu ifaayo

Mama apikaye chapati anaijua hesabu hii. Akipunguza unga kuwa nusu, hupunguza na maji, chumvi na mafuta kuwa nusu. Hapunguzi unga peke yake. Nawe fanya vivyo hivyo.

Kwanza, tafuta mabua yako ni sehemu gani ya kilo 100. Kilo 60 katika 100 ni sawa na 3/5, yaani sehemu tatu katika tano.

Pili, chukua sehemu hiyo hiyo ya kila kitu. Gawanya kwa 5, kisha zidisha kwa 3:

Yuria: kilo 4 × 3/5 = kilo 2 na gramu 400
Maji: lita 50 × 3/5 = lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu wa lita 20

Ukiwa na mabua mengi, njia ni ile ile. Kilo 250 ni mara mbili na nusu ya 100. Basi yuria ni kilo 10, na maji ni lita 125.

Tatu, hakikisha hesabu yako. Kilo 1 ya yuria hutosha mabua kilo 25. Gawanya uzito wa mabua kwa 25: 60 kwa 25 ni 2.4. Jibu likiwa tofauti na lile la kwanza, usichanganye kitu mpaka umeona kosa liko wapi.

Kuchanganya

Pima yuria kwa mizani, usikadirie kwa mkono. Koroga mpaka iyeyuke yote. Tandaza robota moja, nyunyiza robo ya maji hayo, yaani lita 7 na nusu, kisha ulishindilie. Fanya hivyo mpaka marobota yote 4 yaishe. Usimwage maji yote mahali pamoja, kwa maana hapo yuria itazidi ingawa hesabu yako ni sahihi. Funika kwa karatasi ya plastiki, hewa isipite.

Kisichobadilika

Siku hazigawanywi. Lundo liwe dogo au kubwa, liache wiki 4, kwa sababu Njoro kuna baridi. Ukifungua, toa mabua ya siku moja na kuyaanika usiku kucha ili harufu kali ipungue. Anza kwa kuwapa ng'ombe kidogo kidogo.

Angalia sana

1. Chakula hiki ni cha wanyama wanaocheua peke yao. Usiwape punda, nguruwe, kuku, wala ndama walio chini ya miezi 6.
2. Ficha gunia la yuria na maji yake mbali na mifugo na watoto.
3. Ng'ombe akitetemeka, akitoa povu au akivimba tumbo, ondoa chakula na umwite daktari wa mifugo mara moja.

Kabla ya kuanza, andika hesabu yako kwenye karatasi na umwonyeshe afisa wa kilimo. Kisha ibandike ghalani, ili atakayechanganya siku wewe haupo afuate kipimo hicho hicho.