Breki ya Mkokoteni Iko Wapi?

Una sarafu ya shilingi kumi mfukoni? Usiitoe. Niambie kwanza: yule simba anatazama kushoto au kulia? Sarafu hizi za wanyama, twiga kwenye shilingi moja, faru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini, zilizinduliwa Desemba 2018, na muuza vitunguu wa soko la Muthurwa, Nairobi, huzishika kutwa nzima. Niliwauliza wauzaji watatu. Kila mmoja alijibu bila kusita, na majibu yao hayakufanana.

Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Raymond Nickerson na Marilyn Adams, waliwaomba watu 20 wachore senti ya kwao bila kuitazama. Senti hiyo ina alama 8 muhimu. Wengi wao walipatia kama 3 hivi. Aliyepatia zote alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na mazoea ya kukusanya senti. Huo haukuwa ugonjwa wa kusahau. Ili usipunjwe chenji unahitaji kujua ukubwa na rangi ya sarafu, basi. Mengine ubongo hauna haja nayo, hivyo hauyahifadhi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, uliwauliza watu wa jengo moja mahali kilipo kizimamoto cha karibu nao. Waliojua walikuwa kama robo tu, ilhali walikuwa wakikipita kila siku.

Mtaa unamoishi umeupita mara ngapi?

Mimi nilidhani naujua Muthurwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na nyumba za hapa Muthurwa zilijengwa baadaye kwa ajili ya wafanyakazi wake: chumba kimoja kwa familia, choo na bomba la maji la kushirikiana. Leo zimebanwa na soko, steji ya matatu na kelele za makanga. Ili nihakikishe, nilianza kuzunguka asubuhi na daftari la kurasa 32 na penseli. Siendi mbali. Natoka kwenye nyumba za reli, nalizunguka soko, nagusa Landhies Road, narudi chai ikiwa bado ina mvuke. Nauli sifuri. Simu naiacha nyumbani, maana hapa simu ikitoka mfukoni huenda isirudi. Daftari hakuna anayelitamani.

Ila daftari lina shida yake. Siku ya pili mama mmoja aliyekuwa akipanga viazi kwenye mikebe ya kasuku alinikazia macho.

"Kijana, unaandika nini hapo? Wewe ni askari wa kanjo?"

"Hapana, mama. Nachora tu huo mkokoteni."

Alikuja kuhakikisha, na nyuma yake akaja mwenye mkokoteni mwenyewe, jasho likimtiririka. Aliutazama mchoro wangu kwa muda, akacheka.

"Boss, huu wako utaua watu. Breki iko wapi?"

Breki? Nimekwepa mikokoteni tangu utotoni na sikujua kwamba ina breki. Akanionyesha. Nyuma kabisa, chini ya mbao, kimepigiliwa kipande cha tairi kuukuu. Mkokoteni ukishuka mteremko na mzigo wa kabichi, mvutaji hunyanyua mipini juu. Mkia wa mkokoteni hushuka, ule mpira ukasugua lami, mwendo ukapungua. Lami yenyewe ilikuwa na mistari myeusi ya mpira. Mistari hiyo nayo sikuwahi kuiona.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kuchora kunafanya kazi ambayo kutazama hakufanyi. Macho hukubali kudanganywa, mkono hukataa. Ukifika nyuma ya mkokoteni, penseli inauliza: hapa pana nini? Lazima uende ukaangalie. Mwaka 2016 Jeffrey Wammes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwapa watu orodha ya maneno, mengine wayachore, mengine wayaandike tena na tena. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi kwa mbali, hata pale mtu alipopewa sekunde chache tu, na hata mchoro ulipokuwa wa kuchekesha. Kwa hiyo usiniambie hujui kuchora. Mimi pia sijui.

Na miguu je? Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio yao mwaka 2014. Waliwauliza watu matumizi mapya ya vitu vya kawaida kama kifungo cha nguo, mara wakiwa wamekaa, mara wakitembea. Waliotembea walitoa mawazo mapya zaidi, kwa wastani wa asilimia 60 hivi. Cha ajabu, hata aliyetembea kwenye mashine akiwa ametazamana na ukuta mtupu alifaidika, na baada ya kukaa chini faida iliendelea kwa muda. Lakini kwa maswali yenye jibu moja tu, watembeaji walifanya vibaya kidogo. Mawazo yatafute ukitembea. Chenji ihesabu umesimama.

Nikilinganisha na hapa kwetu, naona tairi lilishafanyiwa mtihani huo wa matumizi mapya zamani: limekuwa viatu vya akala, limekuwa kamba ya kufungia mzigo, limekuwa breki. Cyrus Kabiru, msanii aliyekulia Korogocho karibu na jaa la Dandora, aliokota nyaya, vijiko na vyuma mitaani akaviunda kuwa miwani ambayo imeonyeshwa katika majumba ya sanaa ya ng'ambo. Malighafi yake ilikuwa njiani, mahali ambapo wengine walipita wakiiruka.

Daftari langu sasa lina kurasa 19 zilizojaa: mizani, mwavuli uliotiwa viraka, bomba la maji lenye foleni ya mitungi, milango. Milango mingi, kwa sababu huenda isidumu. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa walitakiwa kuhama ili ardhi ijengwe upya, na ubomoaji ukaanza. Walikwenda kortini, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa. Uamuzi huo uliwapa nafuu, lakini nyumba kuukuu juu ya ardhi ya bei ghali, katikati ya jiji, hazina dhamana ya kudumu.

Kwa hiyo kama umepanga Muthurwa, au mtaa mwingine wa nyumba kuukuu kama Kaloleni, chora mlango wako jioni ya leo, kitasa kikiwa upande wake wa kweli, kisha uandike tarehe chini yake.