Pikseli 19 kati ya 20

Je, wajua kwamba ukitazama chaneli ya ubora wa kawaida, ule unaoitwa SD, kwenye runinga ya 4K, pikseli 19 kati ya kila 20 zilizo mbele yako hazikutumwa na kituo chochote? Zimekokotolewa hapohapo nyumbani, mara nyingi ndani ya runinga yenyewe, kabla hujapepesa jicho.

Hesabu yake ni nyepesi. Kioo cha 4K kina pikseli 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla 8,294,400. Picha ya SD inayokuja kupitia king'amuzi kwa kawaida ina pikseli 720 kwa 576, jumla 414,720. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata 20 kamili. Kifaa kinacholijaza pengo hilo huitwa skela. Zamani kilikuwa chipu ya peke yake. Siku hizi aghalabu ni sehemu ya prosesa kuu ya runinga. Hakitajwi kwenye matangazo ya biashara kama inavyotajwa 4K, ilhali ndicho kinachoamua utaona nini jioni ya taarifa ya habari.

TV za chogo hazikuwa na shida hii. Ndani yake mwale wa elektroni ulifagia kioo mstari baada ya mstari, na idadi ya mistari ilifuata mawimbi yaliyoingia. Ndiyo maana kompyuta ya kioo cha chogo iliweza kuonyesha 640 kwa 480, kisha 1,024 kwa 768, na zote zikaonekana za kawaida. Kioo bapa ni kitu kingine. Kwa kawaida kila pikseli ina vijisehemu vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, na mahali pake pamewekwa kiwandani. Pikseli haziongezeki wala hazisogei. Picha ndogo ikija, lazima kila pikseli ipewe thamani kutoka mahali fulani.

Njia ya kwanza ni kunakili: pikseli moja ya picha inarudiwa kwenye kundi zima la kioo. Picha hubaki kali, lakini mistari ya mshazari huota ngazi. Njia ya pili ni kuchanganya: skela huangalia pikseli nne za jirani, au 16 kwa hesabu iliyo makini zaidi, kisha hukadiria kilicho katikati.

Tazama ukingo wa herufi nyeusi kwenye ule utepe mweupe unaopita chini ya taarifa ya habari. Tuseme kwenye picha iliyotumwa, kwa kipimo cha mwangaza cha 0 hadi 255, weusi ni 0 na weupe unaoufuata ni 255. Tuseme upana unakuzwa mara nne. Skela sasa ina nafasi tatu za kujaza, nayo inaweka 64, 128 na 191. Ukingo uliokuwa mkali umegeuka mteremko wa kijivu, na macho yako yanauita ukungu. Ukipandisha mpangilio wa ukali wa picha, runinga huukoleza mteremko huo pande zote mbili. Ndipo herufi nyeusi zilizo juu ya rangi isiyo nyeupe kabisa zinapozungukwa na kimstari cheupe ambacho hakikuwamo kwenye picha ya kituo.

Uwiano nao una nguvu zake. Full HD, yaani 1,920 kwa 1,080, huingia kwenye 4K mara mbili kamili kwa upana na mara mbili kwa kimo, hivyo kila pikseli hupata nne zake bila masalio. Apple walitumia siri hiyo mwaka 2010: iPhone 4 ilikuwa na pikseli 640 kwa 960, maradufu kamili ya 320 kwa 480 za simu zilizoitangulia, na programu za zamani ziliingia kwenye kioo kipya bila kuvurugika. Kinyume chake ni runinga ndogo nyingi zilizouzwa kwa jina la HD, zenye kioo cha 1,366 kwa 768. Picha ya HD yenye mistari 720 ikifika humo, kila mistari 15 lazima ienee kwenye safu 16. Ni kama kugawa vipande 15 vya mkate kwa watu 16: ili wote wapate sawa, hakuna kipande kitakachobaki kizima.

Hata picha ikilingana na kioo kabisa, skela haipumziki. Katika takriban matangazo na filamu zote za kidijitali, mwangaza hutumwa kwa kila pikseli, lakini rangi hutumwa moja kwa kila kundi la pikseli nne. Rangi za filamu ya Full HD kwa kweli ni 960 kwa 540 tu. Hatugundui, kwa kuwa jicho la binadamu hutofautisha nuru na kiza kwa undani kuliko linavyotofautisha rangi.

Siku hizi kazi hii imeingiliwa na akili mnemba. Kampuni ya chipu ya Nvidia ilileta DLSS, mbinu ya kukuza picha kwa akili mnemba, kwenye michezo ya kompyuta mwaka 2018, na runinga nyingi mpya zina programu zilizofunzwa kwa picha nyingi ili zikisie majani, nywele na kingo kwa namna inayoaminika. Matokeo yanapendeza, ila kukisia ni kukisia. Ikiwa namba ya jezi ya mchezaji aliye mbali ilifika ikiwa doa, hakuna skela itakayojua kama ni 6 au 8.

Kuna mambo mawili unayoweza kufanya leo. Ukiunganisha kompyuta na runinga kwa kebo ya HDMI na maandishi yakatoka na ukungu, huenda runinga inakata kingo za picha na kuvuta kilichobaki, mazoea yaliyorithiwa kutoka enzi za chogo. Fungua mpangilio wa ukubwa wa picha, uchague ule usiokata chochote. LG huuita Just Scan. Pili, jaribu kubadili ubora unaotolewa na king'amuzi, kwa maana nacho kina skela yake, na moja kati ya hizo mbili huenda ni bora.

Na ukienda kununua, kumbuka kwamba dukani runinga za 4K huonyeshwa kwa video zilizorekodiwa kwa 4K, ambazo hazidai makisio mengi. Mwombe muuzaji akuunganishie king'amuzi na akuwekee chaneli unayoitazama kila siku. Hapo ndipo utakapoipima skela, nayo ndiyo utakayoishi nayo nyumbani.